Cheti cha kuzaliwa kupitia kliniki: maswali ya wazazi wa Dar es Salaam

Maswali haya ni yale yanayoulizwa kwenye mabenchi ya kliniki, kati ya kumpima mtoto uzito na kusubiri zamu ya sindano. Tumeyaacha yakae kama yanavyoulizwa. Mengine yana majibu marefu kwa sababu jambo lenyewe lina kona nyingi, mengine yanakwisha kwa mistari miwili.

Nilipojifungua hospitali ilinipa karatasi. Si ndiyo cheti?

Siyo. Hilo ni tangazo la kizazi. Linaeleza kwamba siku fulani, kwenye kituo fulani, mama fulani alijifungua mtoto wa kike au wa kiume. Cheti hutoka kwa msajili, baada ya kizazi hicho kuingizwa kwenye daftari la RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulio chini ya Wizara ya Katiba na Sheria.

Hapa ndipo watoto wengi wa mjini hupotelea. Mama anatoka hospitali ya Amana au Mwananyamala na tangazo mkononi, analikunja ndani ya kadi ya kliniki, kadi inaingia kwenye mfuko wa nguo za mtoto, na nyumba nzima inaamini kwamba mtoto kashaandikishwa. Ukweli unajulikana miaka sita baadaye shule inapotaka cheti, na wakati huo tangazo limeshalowa, limechanika au limebaki kwenye chumba cha kupanga mlichohama zamani.

Zamani hatua mbili hizi zilitenganishwa na safari. Hospitali ilitoa tangazo, kisha mzazi akatakiwa kwenda ofisi ya msajili wa wilaya, ambayo kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya. Mtu wa Chanika alikwenda mjini Ilala. Mtu wa Kimbiji, kabla Kigamboni haijawa wilaya, alikuwa na safari ya Temeke. Unakwenda, unaambiwa urudi, unarudi, unalipa ada. Mama lishe anayefunga meza yake siku moja kwa ajili ya safari hiyo hapati chochote cha siku hiyo, na huyo aliyeahirisha hadi mwezi ujao hatuwezi kumwita mzembe.

Kwa nini basi usajili umeletwa kliniki na kwenye ofisi ya kata?

Kwa sababu mama na mtoto wako huko tayari. Sababu nyingine zote zinafuata baada ya hiyo.

Sensa ya 2012 ilionesha kwamba ni takribani asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta waliosajiliwa ni asilimia 16. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 26. Sheria ilikuwepo miaka yote hiyo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ina mizizi yake mwaka 1920, enzi ya Mwingereza, na mwanzoni haikuwalazimisha Waafrika kusajili watoto wao. Babu na bibi zetu wengi walizaliwa nje ya daftari kabisa, na ndiyo maana familia nyingi hazina desturi ya cheti: hakuna aliyemwona mama yake akikitafuta.

Wakati huohuo huduma za afya zilikuwa zikiwafikia watoto haohao. Utafiti wa 2022 ulionesha kwamba takribani vizazi 81 kati ya kila 100 nchini vilitokea kwenye vituo vya afya. Aliyejifungulia nyumbani naye humleta mtoto chanjo, kwa sababu akina mama wa nchi hii wameielewa chanjo. Kuna ile ya kifua kikuu na matone ya polio mara baada ya kuzaliwa, kuna wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, kisha surua na rubela miezi tisa na miezi kumi na nane. Hizo ni nafasi zaidi ya tano za kumkuta mtoto, mama na kadi yenye tarehe ya kuzaliwa mahali pamoja, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kumwambia mama huyo aende tena ofisi nyingine, ya mbali, kusema kile ambacho muuguzi amekwisha kukiandika, ni usumbufu usio na maana.

Ndipo RITA, wakishirikiana na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, walipoanza Mpango wa Usajili wa Watoto Chini ya Miaka Mitano. Mkoa wa Mbeya ulianza mwaka 2013, halafu mpango ukasambaa mkoa kwa mkoa hadi ukafika na huku kwetu. Mpango ulibadilisha mambo matatu kwa pamoja: mahali (kituo cha afya na ofisi ya mtendaji wa kata), gharama (ada iliondolewa) na mwendo wa taarifa (msajili hujaza cheti kwa mkono papo hapo, kisha taarifa hutumwa kwa simu kwenda kanzidata ya RITA). Ukiondoa moja kati ya hayo mengine yanayumba. Ada ikirudi, foleni inapungua. Simu isipotuma, mtoto ana karatasi nyumbani lakini hayumo kwenye daftari.

Nianzie wapi, na nibebe nini?

Ikiwa mtoto hajafika miaka mitano, anza pale anapochanjwa, au kwa mtendaji wa kata unayoishi. Beba tangazo la kizazi kama unalo na kadi ya kliniki ya mtoto. Beba pia kitambulisho cha mzazi. Cha NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ni bora kwa sababu majina yake ndiyo yatakayolinganishwa na cheti siku za mbele. Kama tangazo halipo, kadi ya kliniki pekee haikosi kuwa na kazi, na mtendaji atakueleza kama anahitaji barua ya serikali ya mtaa.

Ukifika mapema ni vizuri zaidi. Siku za chanjo meza ya usajili hujaa kuanzia saa tatu asubuhi, na yule anayeandika vyeti mara nyingi ndiye huyohuyo anayepima uzito.

Ni bure kweli, au ni bure ya maneno?

Cheti cha kwanza cha mtoto wa chini ya miaka mitano chini ya mpango huu hakina ada. Ukiombwa hela ya "fomu", "kalamu" au "kuharakisha", uliza risiti. Kwa kawaida swali hilo peke yake linamaliza mazungumzo.

Ila tusidanganyane: bure ya ofisini haifuti nauli ya daladala wala siku ya kazi iliyopotea. Ndiyo maana tunashikilia kwamba usajili ufanyike siku ileile ya chanjo, ambayo mama alishaitenga. Kumpangia siku ya pekee ya kuja kuchukua cheti ni kumrudishia gharama iliyoondolewa, kwa mlango wa nyuma.

Jina bado hatujaamua. Tunasubiri arobaini, na bibi wa upande wa baba naye ana jina lake.

Hili ni swali la haki kabisa na ndilo linalokwamisha usajili wa wodini kuliko watu wanavyodhani. Wapangaji wa mifumo hupenda mtoto aandikwe kabla mama hajaruhusiwa. Lakini huku pwani wapo wanaotoa jina siku ya saba pamoja na akika, wapo wanaosubiri arobaini, wapo Wakristo wanaotaka jina la ubatizo lijulikane kwanza, na zipo familia ambamo jina ni mjadala wa ukoo unaofanyika kwa simu kati ya Mbagala na Musoma.

Ushauri wetu: tangazo lichukuliwe wodini bila kungoja jina, halafu cheti kikamilishwe kwenye chanjo ya wiki ya sita. Kufikia wiki ya sita arobaini imepita. Familia ambayo bado inabishana wakati huo pengine itabishana hadi mtoto aanze kutembea, kwa hiyo mama na baba wakae chini waamue. Msikubali kuandikiwa jina la muda ili "litabadilishwa baadaye". Kubadili jina kwenye cheti kuna mlolongo wake wa viapo na ada, na mtoto atabeba majina mawili: la cheti na la kadi ya kliniki.

Baba hayupo. Au yupo, lakini hatujaoana.

Mtoto asajiliwe. Mama anaweza kumsajili mwanawe baba asipokuwepo, na hakuna muuguzi wala mtendaji mwenye haki ya kumrudisha nyumbani akamtafute mwanamume kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake, bila kuuliza kama palikuwa na ndoa.

Kuingiza jina la baba ambaye hakuoana na mama ni jambo jingine, linataka ridhaa yake. Baba akija mwenyewe na kitambulisho chake mambo ni mepesi. Akikataa, mama asiandike jina la kubuni, wala la kaka yake, wala la mwanamume mwingine "ili nafasi isikae tupu". Tumeona hilo likirudi kuumiza watu kwenye mirathi.

Na akina baba mnaosoma: mnaruhusiwa kumleta mtoto kliniki. Hakuna atakayewacheka, au wakiwacheka itakuwa dakika mbili.

Mtoto alizaliwa nyumbani, au kwenye bajaji njiani.

Mahali pa kuzaliwa hapamnyimi mtoto usajili. Ikiwa mlifika hospitali muda mfupi baadaye, kituo kilichompokea mama na mtoto kitakuwa na kumbukumbu, anzieni hapo. Ikiwa hamkufika kabisa, nendeni kwa mtendaji, mkiwa na mtu aliyekuwepo au anayejua, kwa mfano mkunga wa jadi, jirani au mjumbe wa shina. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita mtaani kwenu anaweza kuwa msaada mkubwa hapa, kwa kuwa ndiye anayejua nyumba zenye wajawazito na wachanga.

Kuna akina mama wanaoogopa kusema walijifungulia nyumbani kwa sababu wameshagombezwa kliniki. Wanaokaa kwenye meza ya usajili walikumbuke hilo. Mama akitarajia kufokewa atakaa na mtoto wake nyumbani, na tutawapoteza kote kuwili, chanjo na cheti.

Alizaliwa Kigoma, tumehamia Dar. Nikate tiketi ya kurudi?

Usikate kwanza. Uliza kwenye kituo chako na kata yako hapa, ukionesha tangazo au kadi ya kule. Pia maombi yanaweza kufanyika mtandaoni kupitia mfumo wa eRITA bila mtu kusafiri. Usichotakiwa kufanya ni kusema alizaliwa Temeke ili mambo yaende haraka. Mahali pa kuzaliwa pabaki palipo. Kadi ya kliniki ya Kasulu na cheti cha Temeke havitakubaliana, na atakayeulizwa ni mtoto atakapokuwa mtu mzima mbele ya afisa wa Uhamiaji.

Nimekwenda kliniki, nikaambiwa fomu zimeisha, rudi wiki ijayo. Nikarudi, nikaambiwa msajili yuko semina.

Inatokea, na hatutaitetea. Ila inafaa ijulikane inatokana na nini, kwa sababu lawama nyingi huangukia mahali pasipostahili.

Muuguzi wa kliniki ya mtoto ana mizani, sindano, jokofu la chanjo la kuangalia joto lake, daftari la mahudhurio, fomu za kujumlisha za mwisho wa mwezi, na akina mama zaidi ya benchi lililopo. Usajili ulipoletwa kwake, kazi iliongezeka na mikono ikabaki ileile. Mafunzo huletwa wakati wa uzinduzi, palipo na mgeni rasmi na fulana. Anayefundishwa akihamishwa kwenda kituo kingine, aliyebaki hujifunza kwa kuchungulia. Vitabu vya vyeti vina namba na hutunzwa kwa uangalifu kama nyaraka za serikali, na hilo ni sawa, lakini vikiisha haviwezi kununuliwa stationari ya jirani. Simu ya kutumia taarifa nayo inataka chaji na salio.

Kwa hiyo ukikwama, uliza mambo mawili kabla hujaondoka: vitabu vimeagizwa au la, na ofisi ya kata inayo? Mara nyingi kata inavyo wakati zahanati haina, na kinyume chake. Chukua namba ya simu ya anayehusika. Ikishindikana kabisa, peleka suala kwa mganga mfawidhi wa kituo, halafu ofisi ya RITA ya wilaya.

Maoni yetu, na wapo wasiokubaliana nasi: usajili utaendelea kuwa kazi ya hisani mpaka uhesabiwe. Kituo hukaguliwa kwa idadi ya waliopata chanjo ya tatu ya penta (sindano moja inayokinga magonjwa matano) na idadi ya waliojifungua salama. Kikikaguliwa pia kwa watoto wangapi kati ya waliozaliwa pale wameondoka na cheti, mganga mfawidhi atajua vitabu vimeisha kabla mama hajamwambia. Mkunga asiyepewa muda wala motisha ya kuandika cheti hawezi kulaumiwa akichagua kushughulika na mama anayevuja damu.

Nchi nyingine za Afrika zinafanyaje?

Tatizo ni letu sote. Mwishoni mwa 2024 UNICEF ilikadiria kwamba watoto takribani milioni 150 wa chini ya miaka mitano duniani hawajasajiliwa, na zaidi ya nusu yao wako Afrika kusini mwa Sahara. Mawaziri wa Afrika wanaohusika na usajili walikutana kwa mara ya kwanza Addis Ababa Agosti 2010, na siku hizi tarehe 10 Agosti ni siku ya bara zima ya usajili wa matukio muhimu ya binadamu. Lengo la maendeleo endelevu namba 16.9 linataka kila mtu awe na utambulisho wa kisheria ifikapo 2030.

Rwanda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwa majirani zetu. Mwaka 2020 walibadilisha sheria ili kituo cha afya chenyewe kiwe na msajili, na kizazi kiandikwe kwenye mfumo wa kielektroniki kabla mama hajaruhusiwa. Kumbuka kilichotangulia: sheria kwanza, kisha kompyuta. Kwingi bara hili mambo yameanzwa kinyume, kompyuta zikanunuliwa huku sheria ikiendelea kumtaka mzazi afike wilayani.

Uganda walianza mapema kutumia simu na mtandao kupeleka taarifa za vizazi kutoka hospitalini na vijijini. Ghana nao walitumia simu, na kabla ya hapo walifungamanisha usajili na kampeni za afya ya mtoto na kurefusha muda wa kusajili bila malipo hadi miezi 12. Namibia walifungua ofisi za usajili ndani ya hospitali zenye wodi kubwa za uzazi. Kenya wanawatumia machifu wasaidizi kwa wanaozaliwa nyumbani na wahudumu wa afya kwa wanaozaliwa hospitalini na wanaoletwa chanjo.

Linalofaa Namibia, yenye watu wachache, si lazima lifae Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Ofisi moja ndani ya hospitali kubwa hapa ingezidiwa kabla ya saa sita mchana. Kwetu sisi uzito unapaswa kuwekwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kata, pale ambapo mtoto hurudi mara kwa mara, huku hospitali kama Muhimbili, Temeke na Sinza Palestina zikihakikisha hakuna anayetoka bila tangazo lililoandikwa vizuri.

Mwanangu ameshavuka miaka mitano.

Basi njia yako ni ofisi ya msajili wa wilaya au eRITA, na ada inalipwa kwa namba ya malipo utakayopewa. Utahitaji ushahidi: tangazo kama lilisalimika, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, nyaraka za shule, vitambulisho vya wazazi, barua ya mtendaji. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo ushahidi unavyodaiwa zaidi, na aliyefikisha miaka kumi shauri lake hupelekwa kwa Msajili Mkuu. Kijana wa kidato cha sita anayegundua Juni kwamba hana cheti, wakati Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, atapata taabu kubwa. Kama una mtoto wa darasa la nne bila cheti, anza mwezi huu.

Cheti kimeandikwa Ramadhan, shule wameandika Ramadhani.

Herufi moja hiyo ina uwezo wa kumchelewesha mtu mkopo, pasipoti na akaunti ya benki. Dar imejaa majina yanayoandikwa kwa namna tatu: Hussein, Husein, Huseni, Salma na Salima, Yohana na John kwa mtu mmoja. Karani hawezi kujua nyumbani kwenu mnaandikaje. Andika jina kamili kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umpe aone, kisha soma cheti palepale kabla hujaondoka mezani: majina ya mtoto, tarehe, jinsi, majina yenu. Kosa linalogunduliwa hapo hurekebishwa kwa urahisi kuliko lile linalogunduliwa baada ya taarifa kutumwa. Asiyejua kusoma amwombe aliye jirani kwenye benchi. Watu wa kliniki husaidiana.

Cheti kikishakubalika, ndicho kiwe mama wa nyaraka zote. Ukimwandikisha mtoto shule, mwalimu aandike kama cheti kilivyoandika.

Kuna kijana nje ya ofisi anasema ataniletea cheti kesho kwa elfu thelathini.

Huyo ni kishoka. Karatasi atakayokuletea inaweza kuwa nzuri kuliko ya serikali, ila haitakuwa na mtu kwenye daftari. Vyeti huhakikiwa kwenye mfumo wa RITA, na cha bandia kinaumbuka siku hiyo, aghalabu siku ambayo muda wa kutafuta kingine haupo. Kughushi ni kosa la jinai, na anayekamatwa nacho mkononi ni wewe.

Tuseme pia kinachomlisha kishoka: foleni isiyoeleweka, "njoo kesho" zisizo na mwisho, na mzazi asiyejua kwamba huduma ni ya bure.

Cheti cha mtoto kimeandikwa kwa mkono. Ni halali?

Ni halali. Vyeti vya mpango wa chini ya miaka mitano hujazwa kwa mkono kituoni na vinatambuliwa kisheria. Ukikataliwa mahali kwa sababu ya mwandiko, omba wahakiki namba yake kwa RITA badala ya kukutuma ukatafute kingine.

Mtoto ni mchanga. Cheti kitamsaidia nini sasa hivi?

Bima, kwanza. Kumwingiza mtoto kwenye bima ya mzazi hudai cheti, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaongeza uzito wa jambo hilo. Pasipoti pia, kama mnasafiri naye. Mzazi mmoja akifariki, cheti ndicho kinachomtambulisha mtoto kwenye mirathi bila mashahidi wa kusimuliana.

Msichana anafaidika kwa namna nyingine. Umri wake ukiwa umeandikwa, hakuna mjomba wa kusema "huyu ni mkubwa" anapoletewa posa akiwa na miaka kumi na minne. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu katika kesi ya Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 aolewe vinakiuka Katiba. Hukumu kama hiyo hutegemea kitu kimoja kidogo ili ifanye kazi mtaani: uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa.

Na zahanati yenu nayo inafaidika. Dozi za chanjo huagizwa kwa makadirio yanayotokana na sensa. Mtaa unaokua haraka kama ile ya Chamazi au Goba unaweza kuonesha umechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, hesabu isiyowezekana, kwa kuwa waliokadiriwa ni wachache kuliko waliopo. Vizazi vikisajiliwa vyote, makadirio hayo hayana kazi tena.

Cheti kinamfanya kuwa raia?

Kinathibitisha kwamba alizaliwa, lini, wapi na kwa nani. Uraia huamuliwa kwa Sheria ya Uraia, Sura ya 357. Mtoto wa mgeni au mkimbizi aliyezaliwa hapa anasajiliwa kama wengine, na wazazi wake wasikae mbali na kliniki kwa hofu ya kuulizwa uraia.

Mtoto wetu aliishi siku mbili tu.

Poleni sana. Mtoto aliyezaliwa hai anasajiliwa kuzaliwa kwake na kufariki kwake, hata kama aliishi saa chache. Hakuna atakayewalazimisha mharakishe. Mtu wa familia anaweza kushughulikia kwa niaba yenu. Aliyeandikwa anahesabiwa, na wodi yenye vifo vya wachanga visivyoandikwa haitapelekewa oksijeni wala mkunga wa ziada, kwa kuwa kwenye takwimu haina tatizo.

Nimejifungulia Mnazi Mmoja ya Unguja, naishi Kariakoo. Nije RITA?

Hapana. Zanzibar wana wakala wao, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na sheria yao ya mwaka 2018. Mtoto aliyezaliwa Unguja anasajiliwa huko. Kama hospitali ilikupa karatasi ya kizazi, usipande boti bila kuibeba, na mpigie ndugu aliye huko aulize siku za ofisi kabla hujalipa nauli.